Amplifaya za Daraja D na Zile za Jadi katika Nyumba za Makole, Dodoma: Historia ya Umeme, Joto na Ufundi

1.0 Utangulizi

Makole ni mojawapo ya kata za Jiji la Dodoma zilizo karibu na kitovu cha mji. Historia ya sehemu hiyo kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata maamuzi makubwa ya dola. Mwaka 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA). Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kikamilifu, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sambamba na maamuzi hayo, ndani ya sebule za watu kulitokea badiliko ambalo halikutangazwa na yeyote. Amplifaya nzito yenye transfoma, iliyokuwa ikipata joto kila ilipowashwa, ilianza kupisha kasha jepesi ambalo halipati joto la kuhisika na ambalo moyo wake ni kijibodi kisichozidi kiganja cha mkono.

Badiliko hilo kwa lugha ya uhandisi ni mpito kutoka amplifaya za daraja A, B na AB kwenda amplifaya za daraja D. Vitabu vya uhandisi na matangazo ya wauzaji hutoa jibu moja kwa swali la kwa nini mpito huo ulitokea: daraja D hupoteza umeme kidogo zaidi. Makala hii inachunguza jibu hilo kwa kuliweka katika mazingira ya Makole na uwanda wa kati kwa jumla. Hoja inayojengwa ni kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli. Katika nyumba iliyounganishwa na gridi ya taifa, umeme unaookolewa ni mdogo kiasi cha kutoweza kueleza mpito wenyewe. Katika nyumba inayotegemea betri na jua, umeme huohuo ni jambo la msingi. Kilichoamua katika nyumba za mjini kilikuwa bei, uzito na uvumilivu wa chombo kwa joto na kwa volteji inayoyumba. Gharama ya mpito huo haikuonekana kwenye bili ya umeme, bali kwenye meza ya fundi redio.

2.0 Misingi na Istilahi

Amplifaya ni chombo kinachopokea ishara dhaifu ya umeme kutoka redio, kaseti au simu na kuiongezea nguvu hadi iweze kusukuma koni ya spika. Neno "kipaza sauti" lingeweza kutumika, lakini katika Kiswahili cha kila siku neno hilo hutaja pia maikrofoni na hata spika yenyewe. Kwa hiyo makala hii inatumia neno "amplifaya", ambalo mafundi na wateja wanalifahamu.

Madaraja ya jadi hutofautishwa kwa muda ambao transista ya mwisho hupitisha mkondo. Katika daraja A transista hupitisha mkondo wakati wote, hata muziki ukinyamaza. Ufanisi wake wa juu kabisa kinadharia ni asilimia 50, na katika matumizi huwa chini zaidi. Katika daraja B transista mbili hugawana kazi, kila moja ikishughulikia nusu ya wimbi. Ufanisi wa kinadharia hufikia asilimia 78.5, lakini pale nusu moja inapoipokea nyingine hutokea mkwaruzo unaosikika hasa sauti ikiwa ndogo. Daraja AB ni suluhu kati ya hayo mawili: transista zote mbili huachiwa mkondo mdogo wa kudumu ili makabidhiano yawe laini. Karibu amplifaya zote za nyumbani zilizouzwa duniani katika robo ya mwisho ya karne ya 20 zilikuwa za daraja AB.

Madaraja hayo matatu yana sifa moja ya pamoja: transista hufanya kazi kama koki iliyofunguliwa nusu. Umeme usiofika kwenye spika hugeuka kuwa joto ndani ya transista, na joto hilo lazima liondolewe kwa bati nene la alumini ambalo mafundi huliita hitisinki. Daraja D hufuata kanuni nyingine. Transista yake haikai nusu. Ama imefunguliwa yote, ama imefungwa yote, nayo hubadili hali hiyo mara laki kadhaa kwa sekunde. Ishara ya muziki hulinganishwa na wimbi la pembetatu lenye masafa ya juu, na kutokana na ulinganisho huo hupatikana mapigo yenye upana unaobadilika kufuata muziki. Koili na kapasita mwishoni huchuja mapigo hayo na kuacha muziki peke yake. Kwa kuwa swichi iliyofunguliwa kabisa au kufungwa kabisa hupoteza umeme kidogo sana, ufanisi hufikia asilimia 85 hadi 90 na zaidi chombo kinapofanya kazi kwa nguvu. Herufi D haimaanishi "dijitali", kama inavyodhaniwa mara nyingi. Ni herufi iliyofuata tu baada ya A, B na C.

3.0 Redio ya Betri na Swali la Umeme

Swali la ufanisi halikuanza na daraja D. Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) ikaundwa chini ya Serikali. Katika miaka hiyo, nyumba nyingi za uwanda wa kati hazikuwa na umeme. Redio za valvu zilihitaji volteji kubwa na zilitumia nguvu nyingi kupasha moto valvu zenyewe, kwa hiyo hazikuwa chombo cha mtu wa kawaida. Aliyeleta redio katika nyumba ya mkulima na ya kibarua ni transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwishoni mwa mwaka 1947. Kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam kilitengeneza betri na redio za National, na Philips waliunganisha redio Arusha. Betri kavu ikawa bidhaa ya dukani sawa na sabuni na mafuta ya taa.

Redio hizo za mkononi, kwa sehemu kubwa, zilitumia jozi ya transista ndogo zilizopangwa kwa namna ya daraja B au iliyokaribia sana hapo. Sababu yake haikuwa uzuri wa sauti. Katika daraja B mkondo unaotoka kwenye betri huongezeka sauti inapoongezwa na hupungua sauti inapopunguzwa. Aliyesikiliza kwa sauti ya chini alitunza betri zake. Daraja A lingemaliza betri hata wakati mtangazaji amenyamaza. Msikilizaji aliyepunguza sauti baada ya taarifa ya habari, kwa hiyo, alikuwa akitumia kanuni ya kihandisi bila kuhitaji kuijua kwa jina.

Umuhimu wa chombo hicho ulidhihirika mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo vikundi vya kujifunzia vilikusanyika kuzunguka redio nchini kote na kufikia watu wazima wapatao milioni 2. Kampeni ya namna hiyo isingewezekana kwa vyombo vinavyohitaji umeme wa ukutani. Tangu mwanzo, basi, historia ya amplifaya katika uwanda wa kati ni historia ya chanzo cha umeme: aina ya saketi iliyotawala ni ile iliyokubaliana na nguvu iliyopatikana nyumbani.

4.0 Enzi ya Transfoma

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo katika miaka ya 1980. La kwanza ni umeme. Kituo cha Mtera, kwenye mto Ruaha Mkuu kusini mwa Dodoma, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1988 kikiwa na uwezo wa megawati 80, na mji mkuu mpya uliendelea kujengwa kwa matarajio ya gridi. La pili ni biashara. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu waliokuwa na fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 yaliendeleza mwelekeo huo. Baada ya miaka ya uhaba, dukani zilionekana tena redio-kaseti kubwa, amplifaya na spika. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio na televisheni binafsi. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na redio za FM zikaongezeka. Sebule ikapata sababu mpya ya kuwa na sauti kubwa na safi.

Amplifaya ya enzi hiyo ilikuwa na umbo linalotambulika. Chini yake kulikuwa na transfoma ya chuma na shaba iliyoshusha volti 230 za ukutani. Kando yake zilisimama kapasita mbili kubwa. Nyuma kulikuwa na hitisinki, na juu yake transista: katika vyombo vya zamani ile 2N3055 yenye kofia ya chuma, baadaye jozi ya 2SC5200 na 2SA1943, au katika vyombo vidogo aisii kama TDA2030 yenye miguu mitano na TDA7294 iliyotoa nguvu zaidi. Namba hizo zilikuwa sehemu ya msamiati wa mafundi redio. Fundi aliweza kuzitamka dukani bila karatasi, kama mfamasia anavyotamka dawa.

Sifa kubwa ya chombo hicho ilikuwa kwamba kilisomeka. Kila kipande kilikuwa na ukubwa wa kushikika kwa vidole na kazi inayoweza kuelezwa. Amplifaya iliyotoa mngurumo ilielekeza macho kwenye kapasita za umeme. Iliyounguza fyuzi kila inapowashwa ilielekeza mita kwenye transista za mwisho. Iliyosukuma koni ya spika nje na kuibakiza hapo ilionyesha kwamba mkondo usiobadilika umefika pasipostahili. Kwa mita ya kupimia, pasi ya kulehemu na kumbukumbu ya saketi zilizopita mkononi mwake, fundi aliweza kukirudisha chombo kazini kwa kubadili kipande kimoja. Transfoma iliyoungua nayo iliweza kusukwa upya kwa waya wa shaba. Ujuzi huo ulifundishwa zaidi kwa mwanagenzi kukaa na fundi, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, iliuongezea njia rasmi.

Hata hivyo, enzi ya transfoma ilikuwa na udhaifu wake, nao ulitokana na umeme uleule ulioizaa. Ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, mgawo wa umeme ulifuata. Miaka ya mwanzo ya 1990, mwaka 2006 na mwaka 2011 inakumbukwa kwa sababu hiyo. Amplifaya ya volti 230 haikuwa na la kufanya saa hizo. Redio ya betri iliendelea kuzungumza wakati sanduku kubwa limenyamaza.

5.0 Kuja kwa Daraja D

Wazo la daraja D ni la zamani kuliko linavyodhaniwa. Mhandisi Mwingereza Alec Reeves hutajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950. Mwaka 1964 kampuni ya Sinclair ya Uingereza iliuza X-10, kifurushi cha kujiundia kilichotoa wati 2.5 tu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 Sony ya Japani ilitoa TA-N88. Majaribio hayo hayakuenea kwa sababu transista za wakati huo hazikuweza kufunguka na kufunga kwa kasi iliyohitajika bila kupoteza nguvu na kuharibu sauti. Hali ilibadilika transista za aina ya MOSFET zilipokomaa, na hasa saketi nzima ilipoweza kutiwa ndani ya aisii moja. Televisheni bapa, kompyuta za mapajani na simu, ambazo hazikuwa na nafasi ya hitisinki, ndizo zilizolipia maendeleo hayo.

Kwa hiyo daraja D halikuingia nyumbani kama amplifaya. Lilifika limejificha ndani ya vyombo vingine. Aisii PAM8403, inayotoa wati 3 kwa kila upande kutoka volti 5, ilienea katika spika ndogo zinazochajiwa kwa waya wa simu. Aisii TPA3116D2 ya Texas Instruments, inayofanya kazi kuanzia volti 4.5 hadi 26 na kutoa wati 50 kwa kila upande, ilienea katika bodi za bei nafuu zinazotengenezwa China. Bidhaa hizo zilifuata njia ileile ya bidhaa nyingine za umeme: kutoka viwanda vya kusini mwa China hadi maduka ya Kariakoo, kisha kwa basi au lori, mwendo wa takriban kilomita 450, hadi Dodoma.

Mpito huo haukuwa wa siku moja wala haujakamilika. Kasha la sabufa lenye taa za rangi, nafasi ya flashi na Bluetooth linaweza kuwa jipya kwa sura huku ndani yake kuna transfoma na aisii za TDA2030 zilezile za enzi iliyopita. Mnunuzi hana namna rahisi ya kujua. Wati zilizochapishwa kwenye kasha hazimsaidii, kwa sababu mara nyingi hutolewa kwa kipimo cha PMPO, ambacho huhesabu kilele cha kufikirika cha muda mfupi mno na kinaweza kuzidi nguvu halisi mara kumi na zaidi. Uzito wa kasha ni ushahidi mzuri kuliko maandishi yake.

6.0 Ulinganisho katika Mazingira ya Makole

6.1 Umeme

Chukuliwe mfano wa nyumba iliyounganishwa na TANESCO, inayosikiliza muziki saa 6 kwa siku kwa sauti ya kawaida. Kwa sauti hiyo spika hupokea kwa wastani wati moja au chini ya hapo. Kwa hiyo kinachohesabika si ufanisi wa kilele bali umeme unaotumika chombo kikiwa kimewashwa tu. Ikiwa amplifaya ya daraja AB yenye transfoma inatumia wati 25 na ya daraja D inatumia wati 5, tofauti ni wati 20. Kwa saa 6 hiyo ni saa-wati 120 kwa siku, yaani uniti 3.6 kwa mwezi wa siku 30. Kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, ambaye hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, akiba hiyo ni shilingi 360. Hakuna familia inayobadili sanduku la muziki kwa ajili ya shilingi 360.

Sasa chukuliwe nyumba isiyo na gridi, pembezoni mwa jiji au kijijini, yenye betri ya volti 12 na uwezo wa saa-ampea 50. Betri hiyo hubeba saa-wati 600, na ikilindwa isishuke chini ya nusu hubakiwa na saa-wati 300 za kutumika. Chombo cha wati 25 huzimaliza kwa saa 12; chombo cha wati 5 huendelea kwa saa 60. Zaidi ya hayo, aisii nyingi za daraja D hupokea volti 12 moja kwa moja, bila inveta ambayo nayo hula umeme wake. Hapa tofauti si ya shilingi bali ya kuwapo au kutokuwapo kwa muziki usiku wa pili. Ndiyo maana mifumo midogo ya jua inayouzwa kwa malipo ya awamu iliweza kuambatanisha redio na spika bila kuongeza paneli kubwa. Daraja D limerithi nafasi ya daraja B la redio ya betri, na hoja ya wahandisi kuhusu ufanisi ni ya kweli zaidi kwa mkulima wa pembezoni kuliko kwa mtumishi wa mjini.

6.2 Joto, Vumbi na Volteji

Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi. Amplifaya ya jadi inahitaji matundu ya kupitishia hewa, na matundu hayohayo ndiyo mlango wa vumbi. Tabaka la vumbi likitanda juu ya hitisinki, joto hukosa pa kutokea, hasa Oktoba na Novemba chini ya paa la bati. Daraja D, kwa kutoa joto dogo, linaweza kufungiwa ndani ya kasha lisilo na matundu mengi. Hiyo ni faida halisi ya mahali, ambayo vipimo vya maabara za nchi baridi haviipi uzito.

Kuhusu volteji, kila upande una ubora wake. Bodi za daraja D kwa kawaida huambatana na chanzo cha umeme cha aina ya swichi, ambacho mara nyingi hukubali kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukishuka jioni, sauti haibadiliki. Transfoma ya jadi hushuka pamoja na umeme, na nguvu ya sauti hupungua. Lakini umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, au radi inapopiga karibu na nguzo wakati wa masika, transfoma nzito huhimili zaidi kuliko vijipande vidogo vya chanzo cha swichi. Chombo kinachovumilia ukame wa umeme ndicho kinachoogopa mafuriko yake.

6.3 Sauti

Hoja kwamba daraja D lina sauti "kavu" ilikuwa na msingi katika saketi za awali. Katika saketi nzuri za sasa, upotoshaji uko chini ya kiwango ambacho sikio hukitambua katika usikilizaji wa kawaida. Katika sebule ya kuta za matofali ya saruji, sakafu ngumu na paa la bati, mwangwi wa chumba na ubora wa spika huamua mengi zaidi kuliko daraja la amplifaya. Tatizo moja la daraja D lilikuwa la kweli: swichi inayofunguka na kufunga mara laki kadhaa kwa sekunde hutoa kelele ya redio inayoweza kuvuruga mapokezi ya masafa ya kati. Kama chombo hicho kingefika katika miaka ya RTD, kingezozana na redio iliyo kando yake. Kilifika wakati wasikilizaji wengi wa mjini wamehamia FM, flashi na simu, na ugomvi huo ukapita karibu bila kutambuliwa.

Vilevile haifai kudhani kwamba usafi wa sauti ni kipimo kimoja kwa watu wote. Muziki wa Wagogo, uliofahamika kimataifa kupitia Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, hutumia ilimba ambayo hutiwa kwa makusudi vitu vya kutetemesha ili kila noti iwe na mvumo wake wa pembeni. Mvumo ambao mhandisi angeuita upotoshaji ni sehemu ya ala hiyo. Kinachodaiwa kwa amplifaya, katika hali hiyo, ni uaminifu wa kuufikisha mvumo huo jinsi ulivyo bila kuongeza wa kwake, na madaraja yote mawili, yakijengwa vizuri, yanaweza kazi hiyo.

Ilipo hatari ni kwenye wingi wa sauti. Nguvu iliyokuwa ghali imekuwa rahisi, na besi hupenya kuta kuliko sauti nyingine. Kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zilitungwa katika kipindi hichohicho ambacho wati nyingi zilikuwa zikiingia katika nyumba zilizojengwa ukuta kwa ukuta.

7.0 Meza ya Fundi

Bei, uzito na uvumilivu vilimpa mnunuzi sababu za kutosha. Transfoma ya amplifaya ya wastani yenyewe inaweza kufikia kilo mbili au tatu za chuma na shaba, zinazolipiwa madini yake kiwandani na usafiri wake baharini na barabarani. Kuiondoa ni kuondoa sehemu kubwa ya bei. Lakini pamoja nayo imeondoka sehemu ya kazi ya fundi.

Bodi ya daraja D haisomeki kwa namna ileile. Vipande vyake ni vidogo kama punje za ulezi. Aisii moja imebeba kazi ya transista nyingi, na ikifa hufa yote. Nyingine huwa na pedi ya joto chini ya tumbo lake iliyolehemiwa kwenye bodi, hivyo pasi ya kawaida haiwezi kuing'oa. Maandishi yake wakati mwingine yamekwaruzwa na mtengenezaji, na mchoro wa saketi haupatikani. Mita ya kawaida haioni mapigo ya laki kadhaa kwa sekunde. Kwa bei ya bodi mpya, muda wa kutafuta kosa hauna malipo. Kinachobaki ni kubadili bodi nzima, na mara nyingine kutupa chombo kizima. Transfoma ya zamani iliyoharibika ilikuwa na thamani hata ikifa, kwa kuwa shaba yake hununuliwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu. Bodi iliyokufa haina mnunuzi.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba ufundi umekwisha. Ushahidi wa vyombo vyenyewe unaonyesha jambo jingine. Kwanza, kifaa kinachohitajika kung'oa aisii ya namna hiyo ni mashine ya hewa ya moto, na mashine hiyo tayari ipo mezani kwa mafundi simu, walioizoea pamoja na lenzi ya kukuzia kwa kazi ngumu kuliko amplifaya. Mikono ipo, kinachokosekana ni michoro na vipuri vya kuaminika. Pili, bodi ya daraja D inaweza kutiwa ndani ya kasha la zamani, ikasukuma spika za zamani kwa chaja ya kompyuta ya mapajani ya volti 19. Kazi hiyo si ukarabati kwa maana ya enzi ya transfoma, wala si ununuzi mtupu. Ni uundaji, nao unadai maarifa: kulinganisha volteji na uwezo wa aisii, kuzingatia omu za spika, kukumbuka kwamba katika bodi nyingi za namna hii waya hasi wa spika haupaswi kuunganishwa na ardhi ya chombo. Fundi wa transfoma asiyeelezwa jambo hilo la mwisho huunguza bodi ya kwanza kwa kufuata desturi iliyokuwa sahihi kwa amplifaya nyingi za miaka mingi.

Hapo ndipo penye thamani ya kihistoria ya suala hili. Ujuzi wa daraja AB ulijengeka kwa sababu chombo kilikubali kufunguliwa, na kila kosa lilikuwa somo lililorithiwa na mwanagenzi. Ujuzi wa daraja D unategemea maandishi: karatasi ya maelezo ya aisii, ambayo mara nyingi haipo kwa Kiswahili. Lugha ya meza ya fundi, yenye "kushoti", "kulehemu", "kusuka transfoma" na "kuamsha", ilitosha kufundishia kizazi kizima. Ikiwa msamiati huo hautapanuliwa kulingana na saketi mpya, badiliko la teknolojia litakuwa pia badiliko la anayeruhusiwa kujua.

8.0 Hitimisho

Makala hii imelinganisha amplifaya za daraja D na zile za jadi kwa kufuata nguvu iliyopatikana katika nyumba za uwanda wa kati kutoka redio ya betri hadi paneli ya jua. Imeonyeshwa kwamba ufanisi wa umeme, unaotajwa kuwa sababu kuu ya ushindi wa daraja D, hauna uzito mkubwa katika nyumba ya Makole iliyo kwenye gridi, lakini una uzito mkubwa katika nyumba ya betri. Kwamba faida ya mjini imetokana na bei, uzito, joto na volteji. Na kwamba sauti yenyewe haikuwa mwamuzi. Kwa mtazamo huo, daraja D si mwanzo mpya kabisa. Ni kurudi kwa busara ya redio ya mkononi ya miaka ya 1960 na 1970, iliyopunguza matumizi ili sauti idumu.

Tofauti iliyobaki ni ya ufundi. Redio ya National na amplifaya ya 2N3055 zilimwachia fundi nafasi ya kuingia ndani. Bodi ya leo inamwachia nafasi hiyo kwa sharti la vifaa, michoro na lugha. Utafiti wa baadaye kuhusu teknolojia ya nyumbani nchini Tanzania utapata faida ukianzia kwenye vibanda vya matengenezo badala ya takwimu za uagizaji pekee, kwa kuwa pale ndipo inapoonekana ni kipi kilichofika, kilidumu kwa muda gani, na nani aliyeweza kukifufua.